Mfundisheni kwanza mahali pa kusimama

Karibu kila somo la kwanza la upigaji picha, liwe la chuo cha uandishi wa habari, la klabu ya shule au la video fupi ya mtandaoni, huanza na mistari minne. Mwanafunzi anaambiwa aigawe fremu katika vyumba tisa vilivyo sawa, miwili ya mistari ikienda wima na miwili ikilala, kisha amweke mtu anayempiga pale mistari inapokutana. Hiyo ndiyo kanuni ya theluthi, na imeenea mno hata watengenezaji wa simu wameiweka ndani ya kamera zao: ukiwasha gridi, mistari inajichora yenyewe kwenye kioo. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ninachopinga ni kuifanya mlango wa kuingilia. Anayeanzia hapo hujifunza kumsogeza mtu kushoto au kulia ndani ya fremu huku miguu yake mwenyewe imeganda palepale alipoitoa simu mfukoni. Picha inakuwa na theluthi zake kamili, na bado ni mbovu: nguzo imeota kichwani mwa bibi harusi, uso wa mhitimu umemezwa na giza, mtoto ametazamwa kutoka juu kama kitu kilichodondoka chini. Hoja yangu ni kwamba somo la kwanza la mpangilio wa picha linapaswa kuwa mahali pa kusimama. Umbali gani, kimo gani, jua liko upande upi, nyuma ya mtu kuna nini. Mengine yote, theluthi ikiwemo, yaje baadaye.

Tuanze na asili ya kanuni yenyewe, kwa sababu inaeleza mengi. Haikutungwa na wapigapicha. Jina lake lilichapishwa London mwaka 1797 na John Thomas Smith, mchoraji na mchongaji wa picha za chapa, katika kitabu kuhusu uchoraji wa mandhari ya mashambani. Hiyo ilikuwa miaka 30 hivi kabla ya Mfaransa Nicéphore Niépce kufanikiwa kunasa kwa kamera yale aliyoyaona dirishani kwake. Smith alikuwa akizungumza na wachoraji: ardhi ipewe sehemu gani ya turubai na anga sehemu gani, mwanga uchukue kiasi gani na kivuli kiasi gani. Ushauri wake ulikuwa theluthi moja kwa mbili, badala ya nusu kwa nusu. Kwa mchoraji ushauri huo unatekelezeka palepale, maana turubai yake ni tupu. Mti ukimkera hauchori. Nyumba ikikaa vibaya anaihamishia ng'ambo ya mto. Mpigapicha hana uhuru huo. Anaukuta ulimwengu umeshapangwa: mti upo, nguzo ipo, gari la taka limeegeshwa, na hakuna hata kimoja kitakachohama kwa kuombwa. Kinachoweza kuhama ni yeye. Kwa hiyo kumpa mwanafunzi wa picha kanuni ya mchoraji kabla ya kumfundisha kuhama ni kumpa nusu ya pili ya kazi akiwa bado hajaijua ya kwanza.

Ipo pia imani kwamba zile nukta nne za makutano zina nguvu ya kulivuta jicho la mtazamaji. Imani hiyo inarudiwa sana darasani bila ushahidi wa maana. Tunachokijua kuhusu mwendo wa macho kinaelekea kwingine. Mtafiti wa Kisovieti Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitoka Moscow mwaka 1965, alibandika vifaa vidogo kwenye macho ya watu na kurekodi yanavyotembea juu ya picha. Aliyoitumia zaidi ni mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mwanamume aliyerejea nyumbani bila kutarajiwa, familia ikimkodolea macho. Alipowaacha watu watazame watakavyo, macho yao yaliganda kwenye nyuso. Alipowauliza umri wa waliomo, yakarudi tena kwenye nyuso. Alipowauliza hali ya mali ya familia ile, yakahamia kwenye samani na mavazi. Mchoro ni uleule, njia za macho zikawa tofauti kwa kila swali. Jicho, kumbe, hufuata watu na hufuata swali. Mwanafunzi akilielewa hilo ataacha kujiuliza amweke mtu kwenye nukta ipi, ataanza kujiuliza anataka mtazamaji aulize nini, na nini kiondolewe ili swali hilo lisichanganywe na mengine. Na njia ya haraka ya kukiondoa kitu kwenye picha ni kusimama mahali ambapo hakionekani.

Sasa niingie kwenye umbali, kwa sababu hapa ndipo wanaoanza wanapopotoshwa zaidi, na anayewapotosha ni kidole kinachozumu. Watu wengi wanaamini kwamba kusogea na kuzumu ni kitu kimoja, cha kwanza kwa miguu, cha pili kwa kidole. Si kweli, na jambo hili si la ladha. Ni la hesabu. Mfikirie mtu anayepigwa picha pembezoni mwa mji wa Moshi, asubuhi ambayo Kilimanjaro imejifunua hadi kileleni, mita 5,895. Mpigapicha amesimama mita mbili kutoka kwake. Mtu amejaa kwenye fremu, na mlima nyuma yake umekuwa kilima kidogo kinachochungulia begani. Mpigapicha akibaki hapohapo na kuzumu, mtu anakua na mlima unakua kwa kiwango kilekile. Uwiano wao haubadiliki hata chembe. Lakini akirudi nyuma hadi mita kumi, kisha akazumu mpaka mtu awe na ukubwa uleule wa awali ndani ya fremu, mlima utaonekana mrefu mara tano kuliko ulivyokuwa. Sababu ni nyepesi. Hatua zile za kurudi nyuma zimeongeza mara tano umbali wa kamera na mtu, ila kwa mlima ulio makumi ya kilomita mbali, mita nane si kitu. Uwiano wa vitu ndani ya picha huamuliwa na mahali pa kusimama peke yake. Lenzi huamua tu ni kipande gani cha mwonekano huo kitakachochukuliwa. Wageni wengi hupanda ndege hadi Kilimanjaro na kurudi kwao na picha ambazo mlima hauonekani kuwa mlima, wakailaumu simu, ilhali walichohitaji ni kurudi nyuma hatua kumi.

Umbali huohuo ndio unaoharibu sura za watu. Kamera kuu ya simu ina lenzi pana, na lenzi pana humlazimisha mpigaji kusogea sana ili uso ujae. Akifika sentimita 30 kutoka puani, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa sehemu kubwa ya umbali wote uliopo, kwa hiyo inavimba na masikio yanakimbia nyuma. Madaktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani walichapisha mwaka 2018 makadirio kwamba picha ya umbali huo huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo, na kwamba kwenye mita moja na nusu upotoshaji huo hauonekani. Waliandika kwa sababu walikuwa na wasiwasi kuhusu watu wanaotaka kupasuliwa pua baada ya kuziona kwenye selfi. Fikiria mtu anayeichukia pua yake kwa kosa la sentimita! Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake jambo hili moja tu, kwamba picha ya uso ipigwe angalau hatua mbili mbali kisha izumiwe kidogo, atakuwa amewafaa kuliko kwa mwezi mzima wa gridi.

Kuhusu kilicho nyuma ya mtu sina haja ya kurefusha, maana kila nyumba ina albamu yenye ushahidi. Bwana harusi ana mnazi unaomtoka utosini. Mhitimu aliyevaa joho amekatwa shingo na ukingo wa ukuta. Aliyepiga hakuviona kwa sababu macho yetu yanapomtazama mtu huyapuuza yaliyo nyuma yake, na pia yanatambua kina: tunajua mnazi uko mita 15 kule. Kamera haijui, inavibandika vyote kwenye bapa moja. Tiba yake ni nusu hatua ya ubavuni. Mtu aliye karibu atahama sana ndani ya fremu, mnazi ulio mbali utahama kidogo, na vitatengana. Hakuna programu ya kuhariri inayolifanya hilo kwa usafi kama mguu unavyolifanya. Inatosha mwanafunzi azoeshwe, kabla ya kubonyeza, kuzungusha macho kwenye kingo zote za fremu na kuzunguka kichwa cha anayempiga.

Kimo kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu kina uzito wa heshima. Mtu mzima akisimama wima na kumpiga mtoto wa miaka mitano, kamera inatazama chini. Kichwa cha mtoto kinakuwa kikubwa, miguu inapungua, nyuma yake panakuwa sakafu au vumbi, na macho yake yanalazimika kuinuka kama ya anayeomba. Picha za namna hiyo ndizo zilizotumiwa kwa miaka mingi kuchangisha fedha za misaada kwa Afrika, na zimelalamikiwa kwa haki: mtoto haonekani mahali alipo, haonekani ana nyumba wala rafiki wala kazi ya mikono yake, anaonekana amepungukiwa tu. Mpigapicha huyohuyo akichuchumaa hadi macho ya mtoto na lenzi vikawa sawa, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Mtoto anakuwa mtu anayetazamana na mtu. Na nyuma yake sakafu inaondoka, yanaingia madawati, ubao, wenzake, mlango, yaani maisha yake. Kinyume chake kipo pia: mwanasiasa anayepigwa kutoka chini ya jukwaa anarefuka na kutawala anga, na wapigapicha wake rasmi wanalijua hilo vizuri. Kwa hiyo kimo cha kamera ni kauli kuhusu uhusiano wa anayepiga na anayepigwa, na mwanafunzi anapaswa kuambiwa hivyo mapema, kabla mazoea ya kupiga kutoka kimo cha kifua hayajamkaa. Kanuni ya theluthi haisemi neno hata moja kuhusu jambo hili. Picha ya kudhalilisha inaweza kuitimiza kikamilifu.

Halafu kuna mwanga, ambao vitabu vingi huuweka katika sura yake peke yake, kana kwamba hauhusiani na mpangilio. Kwetu hauwezi kutenganishwa. Dar es Salaam iko takriban nyuzi saba kusini mwa ikweta, Nairobi karibu nyuzi moja na robo. Saa sita mchana jua liko utosini au karibu nako sehemu kubwa ya mwaka, na uso wa mtu unapata mashimo matatu meusi: chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu. Machweo nayo huku ni mafupi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya Kaskazini huzungumzia mwanga laini wa jioni unaodumu kwa saa nyingi za kiangazi. Kwetu, saa kumi na mbili na nusu jioni jua limezama na baada ya dakika 20 na kitu ni usiku. Mwanafunzi anayesubiri saa nzuri atapiga picha kidogo sana. Ni afadhali afundishwe kutafuta mahali pazuri kwa saa aliyonayo. Mlangoni, hatua moja ndani, uso ukitazama nje. Kibarazani. Chini ya mwembe, lakini kwenye ukingo wa kivuli, si katikati ambako madoa ya jua yanapenya majani na kumtia mtu mabaka. Mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, mtu akiutazama ukuta huo badala ya kuupa mgongo, mwanga unaorudi kutoka ukutani unayafuta mashimo yale matatu.

Hili la ukuta mweupe lina uzito wa pekee kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kipimamwanga cha kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga ya mchana, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli chenye meno. Tatizo hili lina historia yake. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na filamu zenyewe zikasifiwa au kukosolewa kulingana na zilivyoitendea ngozi yake. Kamera za sasa zina nafuu, na kugusa uso kwenye kioo cha simu huilazimisha ipime mwanga hapo. Hata hivyo hatua chache za kuzunguka husaidia kuliko kugusa kioo, kwa sababu zinabadilisha kilicho nyuma. Mweke mtu yuleyule mbele ya mlango wa mbao, majani mazito au ukuta ulio kivulini, na kamera haitakuwa na sababu ya kumtia giza. Uso utatoka na rangi zake zote, kuanzia wekundu wa udongo hadi mng'ao wa paji la uso.

Wasioafiki watasema kwamba mabingwa waliifuata jiometri, na watamtaja Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyesomea uchoraji kwa André Lhote kabla ya kuishika kamera. Ni kweli aliipenda jiometri. Lakini tazama alivyoipata. Picha yake ya Hyères ya mwaka 1932 inaonyesha ngazi inayozunguka, vyuma vya mikono vinavyopinda, mtaa wa mawe chini, na mwendesha baiskeli anayekatiza haraka hadi ukungu. Mikunjo ile yote ilikuwepo kabla yake na imebaki baada yake. Alichofanya ni kusimama juu ya ngazi, mahali ambapo ngazi, vyuma na mtaa vilijipanga kuwa umbo moja lenye nafasi wazi, na baiskeli ikaja kuijaza nafasi hiyo. Angesimama mtaani angepata mtu na baiskeli yake. Cartier-Bresson mwenyewe alieleza kwamba picha iliyomsukuma kuingia kwenye kazi hii ni ya Martin Munkácsi wa Hungaria, inayojulikana kwa jina la wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vijana watatu wanayakimbilia mawimbi, wamegeuka vivuli vyeusi juu ya povu jeupe. Hatuoni uso hata mmoja. Munkácsi alikuwa nyuma yao, maji yenye mwanga yakiwa mbele, na kwa kuwa nyuma yao ndipo miili yao ikawa mistari na furaha yao ikasomeka kwenye mikono na miguu. Mpigapicha wa kawaida angezunguka mbele ili apate nyuso. Angepata nyuso tatu, na angeikosa picha.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka studio. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, hakuzungukazunguka. Kamera yake kubwa ilikaa kwenye miguu mitatu uani kwake, na watu wakaja kwake. Watu wake wengi wako katikati kabisa ya fremu, jambo ambalo wafuasi wa theluthi wangelisahihisha kwa kalamu nyekundu, na picha hizo leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Je, hilo halivunji hoja yangu? Naona linaitimiza. Keïta alilitatua suala la mahali mara moja: alichagua ua wenye mwanga wa mchana uliotulia, akatundika kitambaa nyuma, cha kwanza kikiwa shuka lake la kitandani, na alikibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu hata baadaye akaweza kuzitambua tarehe za picha zake kwa vitambaa. Baada ya hapo kazi yake ikawa kumhamisha anayepigwa: bega ligeuzwe, kidevu kishushwe, mkono upumzike hapa. Kwa wateja wengi alipiga mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Studio za mwambao wetu, kama Capital Art ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, zilitokana na ustadi wa aina hiyohiyo, kwamba nafasi ya kamera, mtu, pazia na dirisha huamuliwa kabla ya kubonyeza. Aliyeijua kazi hiyo alibonyeza mara moja kwa sababu alikuwa amemaliza kupanga. Mwenye simu anabonyeza mara 40 akitumaini mojawapo itajipanga yenyewe.

Wapo walimu watakaosema kwamba anayeanza anahitaji kitu cha kushika, kanuni moja fupi inayokaririka, na kwamba kumwambia atafute mahali ni kumwacha baharini bila kasia. Nawaelewa. Darasa la watu 50 halifundishiki kwa falsafa. Lakini kuhama kunaweza kufundishwa kwa amri fupi kuliko theluthi: sogea hatua mbili, chuchumaa, nenda ubavuni, zunguka hadi jua libadilike upande. Na kila amri ina matokeo yanayoonekana papo hapo, ambayo mwanafunzi anayalinganisha kwa macho yake mwenyewe bila kuambiwa na mtu kwamba ni mazuri. Theluthi haina ubora huo. Mwanafunzi anaambiwa picha hii imepangika kwa sababu uso uko kwenye nukta, anakubali kwa sababu mwalimu amesema, na anaondoka na kanuni badala ya jicho. Siku atakapokutana na uso unaodai kukaa katikati, kama pazia la Keïta lilivyodai, au upeo wa bahari unaodai kugawanyika nusu kwa nusu kwa sababu maji yametulia na yanaakisi mawingu, hatakuwa na la kufanya ila kutii gridi.

Wengine watasema mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba picha hukatwa baadaye na programu za akili bandia zinafuta nguzo kwa mguso mmoja. Kukata picha kunasaidia. Hata Cartier-Bresson, aliyejulikana kwa kukataa picha zake zikatwe, aliikata ile ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, mwaka 1932, kwa sababu aliipigia kwenye upenyo wa ua wa mbao na mbao zikaingia pembeni. Ila kukata hakuongezi kilichokosekana. Hakuwezi kuukuza mlima dhidi ya mtu, hakuwezi kumwinua mtoto kutoka sakafuni, hakuwezi kuugeuza uso uelekee dirishani. Kuhusu programu zinazofuta na kuunda, kwa mwanafunzi wa uandishi wa habari jibu langu ni kali: picha ya habari iliyofutwa nguzo imefutwa ukweli, na mhariri makini hatakiwi kuipokea. Nusu hatua ya ubavuni inaiondoa nguzo bila kusema uongo.

Na yule anayesema tukio halingoji, kwamba ukianza kuzunguka limepita? Watazame wapigapicha wa mpira wa miguu. Wanakaa nyuma ya mstari wa goli kabla ya filimbi ya kwanza, kila mmoja amechagua upande kwa kujua timu ipi inashambulia wapi na jua litaanguka vipi kipindi cha pili. Kasi yao imetokana na kuchagua mahali mapema. Kusogea nako kuna mipaka, na mwanafunzi aambiwe wazi. Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991. Robert Capa, aliyejulikana kwa kuwahimiza wenzake wasogee zaidi, aliuawa na bomu la ardhini Indochina mwaka 1954. Hao walikuwa vitani, kwa hiari na kwa uzoefu. Kwa mwanafunzi wa mtaani mpaka wa kwanza ni ruhusa. Kusogea hadi hatua mbili kutoka kwa mama anayekaanga mihogo bila kumsalimu ni utovu wa adabu, na picha itauonyesha: mabega yamekaza, macho yamekwepa. Salamu ni sehemu ya mpangilio, kwa sababu ndiyo inayokupa nafasi ya kusimama pale unapotaka.

Nawaomba basi walimu wa vyuo vya habari, wanaoongoza klabu za picha mashuleni, na wazazi wanaowapa watoto simu zao Jumapili mchana, waanze hivi. Wiki ya kwanza gridi izimwe na kuzumu kupigwe marufuku. Achaguliwe mtu mmoja aliyeridhia, akae kwenye kiti karibu na mti au mlango, asihame. Kila mwanafunzi ampige kutoka mbali na kutoka karibu, kutoka juu na kutoka usawa wa macho, jua likiwa mgongoni mwake na likiwa ubavuni, kisha picha zote ziwekwe pamoja na darasa zima lizitazame na kusema ni nini kimebadilika kwenye mtu yule, ambaye hakuinuka kitini hata mara moja. Wabishane. Wiki ya pili warudie kwa mtu anayefanya kazi, fundi cherehani au muuza matunda, baada ya kumsalimu na kumwomba. Mistari ya theluthi wapewe wiki ya tatu, wakiwa tayari wana la kuipimia. Zoezi hili halidai kamera ya mamilioni. Simu moja kwa darasa zima, ikipokezanwa, inatosha.